Barua ya wazi: Reli ya TAZARA ibebe na chakula cha Nyanda za Juu Kusini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi, Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Mazingira katika Ofisi ya Makamu wa Rais, na kwa wakuu wa TAZARA (Reli ya Tanzania na Zambia), TRC (Shirika la Reli Tanzania), TANROADS (Wakala wa Barabara) na NFRA (Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula).

Waheshimiwa, salaam.

Nawaandikia kutoka Makambako, mji ambao barabara ya Songea inaungana na TANZAM, barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia, na ambao reli ya TAZARA imepita hapohapo tangu miaka ya sabini. Nafanya biashara ya mazao: viazi mviringo vya Njombe, nyanya za Ilula, kabichi, na mahindi msimu ukifika. Karibu mzigo wangu wote unakwenda Dar es Salaam, na unakwenda kwa lori, ingawa kutoka ghala ninalopanga unasikia honi ya treni.

Ombi langu kubwa ni hili: ukarabati wa TAZARA unaoanza sasa usimalizike kabla hamjaweka kwa maandishi nafasi ya shehena ya ndani, ile inayotoka mkoa mmoja kwenda mwingine, kwa ratiba na kwa bei inayojulikana. Sababu ninazo nyingi, lakini ninayotaka kuisimamia leo ni hewa ukaa, kwa kuwa ndiyo ambayo sijasikia ikitajwa tunapozungumza habari za chakula na barabara.

Serikali ikitaja kaboni, mazungumzo hufika msituni yakaishia huko. Kanuni za biashara ya kaboni zilitoka mwaka 2022, na vijiji vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi vimeonyesha kwamba msitu ukitunzwa unaweza kujenga zahanati na madarasa. Ni jambo jema, liendelee. Lakini Tanzania, katika ahadi yake ya mwaka 2021 chini ya Mkataba wa Paris, ilisema itapunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa kama mambo yangeachwa yaende yalivyo. Usafirishaji umo ndani ya ahadi hiyo. Barabara ya TANZAM nayo inatoa moshi usiku na mchana, na sijaona halmashauri, mkoa wala wizara ikiuhesabu moshi huo kwa tani ya chakula inayopita.

Naomba niuhesabu mimi, kwa mfano ambao dereva yeyote wa Fuso anaweza kuukagua.

Kutoka Makambako hadi Dar ni takriban kilomita 650. Tuchukue Fuso la tani 10 lililobeba nyanya, linalokula lita 30 za dizeli kwa kila kilomita 100 likiwa na mzigo, na lita 20 likirudi tupu. Na mara nyingi hurudi tupu, kwani aliyelikodi kwa nyanya hana cha kupandisha. Safari nzima ni lita 325. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa. Kwa hiyo safari hiyo imetoa kilo 877, yaani karibu kilo 88 kwa kila tani ya nyanya iliyopakiwa.

Iliyopakiwa, nasema, siyo iliyouzwa. Nyanya husafiri kwenye matenga ya mbao, tenga juu ya tenga, na ya chini hubeba uzito wa yote yaliyo juu yake. Mlima Kitonga ni kona baada ya kona. Lori likianguka pale, foleni inaweza kukaa saa nyingi juani. Ukitoka hapo kuna matuta ya Hifadhi ya Mikumi, ambayo ni lazima yawepo, maana barabara inakatiza karibu kilomita 50 za hifadhi na wanyama wanagongwa. Halafu mizani. Halafu mageti ya ushuru wa mazao, ambapo lori linasimama huku injini ikinguruma, karatasi ileile inasomwa upya. Ukifika soko la Ilala au Mabibo alfajiri na kuanza kufungua matenga, la chini kabisa lina maji tu. Tuseme tani tatu kati ya kumi zimeharibika. Kwa nyanya, watu wa sokoni hawatashangaa. Kilo zile 877 sasa zinagawiwa kwa tani saba, na kila tani iliyomfikia mlaji imebeba kilo 125.

Na zile tatu zilizooza safari yake haijaisha. Zinapakiwa tena, kwa dizeli nyingine, hadi dampo la Pugu Kinyamwezi. Zikifukiwa huko zinatoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha joto zaidi ya mara 25 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa. Mbolea, dawa na mafuta ya pampu yaliyoziotesha vimepotea navyo. Mkulima alishavuna, utingo alishapakia, na hakuna aliyekula.

Semitrela ni afadhali. Likibeba tani 28 za viazi, likala lita 45 kwenda na 28 kurudi kwa kila kilomita 100, linatoa karibu kilo 46 kwa tani, nusu ya Fuso. Lakini semitrela haliingii kwenye mashamba ya Ilula, na mfanyabiashara wa kawaida hana mtaji wa tani 28 za nyanya kwa siku moja. Tatizo la reli ni hilohilo, nitalirudia.

Sasa treni. Uzoefu wa reli duniani unaonyesha kwamba treni ya dizeli, ikiwa imejaa vizuri, hutumia robo hadi theluthi ya mafuta ambayo malori yangetumia kubeba tani ileile umbali uleule. Kwa hiyo hata kabla hatujazungumzia umeme, tani ya viazi inayotoka Makambako kwa TAZARA ingeshusha zile kilo 46 hadi kama 15. Reli haina Kitonga wala mizani, na behewa halitikisi matenga kama tuta linavyoyatikisa.

Katika mjadala wa mazingira sisi husema "Tanzania" kana kwamba nchi nzima inapumua kwa pua moja. Haipumui hivyo. Treni ya umeme ya SGR, reli ya kisasa, ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma katikati ya mwaka huohuo, na Julai 2025 ikazinduliwa huduma ya mizigo pamoja na bandari kavu ya Kwala. Umeme wenyewe sehemu kubwa sasa unatokana na maji: Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115, na yote ilikamilika 2025. Maana yake mkulima wa alizeti wa Dodoma, bila kubadili jembe wala mbegu, anaweza kufikisha mzigo wake pwani kwa hewa ukaa kidogo sana. Mkulima wa viazi wa Njombe, aliyelima kwa bidii ileile au zaidi, hawezi. Mazao yake yataonekana machafu katika hesabu yoyote ya kaboni itakayofanywa kesho, na kosa si lake. Wanunuzi wa nje wameanza kuuliza maswali haya kwenye parachichi letu. Wakifika kwenye mazao mengine, mikoa yetu itajibu nini?

Njombe, Iringa, Mbeya, Songwe, Ruvuma na Rukwa ndizo zinazolisha sehemu kubwa ya nchi. Haikubaliki kwamba mikoa hiyo ndiyo ibaki na mnyororo wa ugavi unaokula dizeli kuliko wote.

Halafu kuna suala la nani anabaki na nini. Hewa ukaa si ya kuhesabiwa kwa kilomita peke yake. Inabidi tuulize pia kila kilo ya moshi imeacha shilingi ngapi mkoani. Angalieni makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga. Mwaka 2016 serikali ilizuia kuagiza makaa kutoka nje ili viwanda vitumie ya hapa nyumbani. Nia ilikuwa njema na naiunga mkono. Lakini mzigo ule unakwenda viwanda vya saruji kwa malori, mamia ya kilomita, na barabara za Ruvuma zimeumia. Thamani inahesabiwa kiwandani. Vumbi, mashimo na moshi vinabaki njiani. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay imetajwa kwenye mipango ya nchi kwa miaka mingi sana, na ingepaswa kutangulia makaa, au angalau kwenda nayo sambamba. Kusema "tununue cha nyumbani" bila kujenga njia ya kukisafirisha kunaweza kuongeza hewa ukaa badala ya kuipunguza, na hili wapenzi wa viwanda vya ndani, nami nimo, hatulisemi vya kutosha.

Kwa nyanya mambo yanakwenda kinyume chake. Maduka ya hapa Makambako yana nyanya ya kopo iliyosafiri kutoka China, ikapita bandari ya Dar, ikapanda kwa lori hadi huku, wakati nyanya za Ilula zinashuka kwa barabara hiyohiyo na theluthi yake kuharibika. Nyanya ina maji zaidi ya asilimia 90. Kuisafirisha mbichi mamia ya kilomita ni kusafirisha maji. Ikisindikwa Iringa kuwa rojo, lori moja hubeba kazi ya malori kadhaa, haiozi njiani, na ajira inabaki mkoani. Viwanda vipo vichache Iringa na vinajitahidi. Havijatosha, na mkulima anayetaka kuviuzia bado anashindana na dalali anayelipa taslimu shambani.

Nirudi kwenye TAZARA, maana ndiyo iliyonifanya niandike sasa badala ya mwakani.

Reli hii ilijengwa 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ili shaba ya Zambia ipate njia isiyopita Rhodesia na Afrika Kusini ya makaburu. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda waliijenga kwa ajili ya ukombozi, na tuna haki ya kujivunia. Lakini reli ilipokwisha jengwa, wananchi wa njiani waliipa kazi nyingine ambayo haikuwa kwenye michoro. Watu wa Kilombero wanaikumbuka treni ya kipisi: kina mama wakipakia mchele na ndizi Mlimba, Chita na Mang'ula, vifurushi vidogovidogo, wakishukia walikokuwa na mteja. Vijiji vilihamia karibu na reli kwa sababu hiyo. Ulikuwa mnyororo wa ugavi wa ndani ambao haukutajwa hivyo na yeyote, na ulikuwa na hewa ukaa kidogo kuliko kitu chochote tulichojenga baadaye.

Septemba 2025 ulisainiwa mkataba wa miaka 30 na kampuni ya CCECC ya China, wa dola bilioni 1.4, kuikarabati na kuiendesha. Nimefurahi, na wenzangu wengi wamefurahi. Hofu yangu ni ya mtu anayejua biashara ya mizigo inavyokwenda. Mwenye shaba ana tani maelfu, zenye uzito uleule kila wiki, kutoka sehemu moja kwenda sehemu moja, na analipa kwa dola. Mwenye matenga 200 hawezi hata kujaza behewa. Mwendeshaji anayetakiwa kurudisha fedha zake atamchagua nani? Atachagua shaba, na sitamlaumu, kama mkataba haujamwambia vinginevyo. Treni za shaba za Zambia na Congo zitapita Makambako, Mlimba na Ifakara bila kusimama, na chini yake kwenye barabara Fuso zetu zitaendelea kupanda na kushuka. Nchi itakuwa imepata reli mpya, na mikoa ambayo reli imepita juu ya ardhi yake haitapunguza hata lita moja.

Kwa hiyo ninaomba, Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi, treni ya shehena ya ndani yenye siku na saa maalumu kati ya Mbeya na Dar, ikisimama Makambako na Kilombero, inayopokea mzigo wa mtu mmoja mmoja na vyama vya ushirika, siyo behewa zima tu. Ianze hata mara mbili kwa wiki, mradi isikose. Mfanyabiashara wa mazao anaweza kuvumilia treni ya polepole, lakini asiyejua itaondoka lini atarudi kwenye lori, nami nitarudi.

NFRA wana kanda yao hapa Makambako, na mahindi yao yanahamishwa kutoka mikoa yenye ziada kwenda yenye upungufu. Serikali yenyewe ndiyo ingekuwa mteja wa kwanza wa treni hiyo. Mahindi hayaozi kwa siku mbili, yamo kwenye magunia, yanapimika, na wingi wake unatosha kuijaza treni wakati sisi wadogo tunajifunza kuitumia. Na kwa vile mbolea inapanda kuja huku kuanzia Oktoba kuelekea kupanda, mabehewa yatakuwa na mzigo wa kwenda na wa kurudi, jambo ambalo Fuso la nyanya haliwezi.

Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, treni peke yake haitaiokoa nyanya. Panahitajika kituo pale stesheni: paa, sakafu safi, mahali pa kuchambua na kupanga, na vyumba vya baridi vya umeme wa gridi, siyo jenereta. Kreti za plastiki zinazorudi zichukue nafasi ya matenga ya mbao; miti inayokatwa kutengeneza matenga yanayotumika safari chache kisha kuvunjika nayo ni kaboni. Na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, ipigwe marufuku kwa vitendo. Imekatazwa kwa sheria ya vipimo miaka mingi, lakini viazi bado vinatoka Njombe kwenye magunia yaliyoshonewa vilemba.

Kuna jambo la Kidatu ambalo nadhani limesahaulika. TAZARA ina upana wa milimita 1,067, reli ya kati ya zamani milimita 1,000, SGR 1,435. Tuna reli tatu zisizopandana katika nchi moja. Pale Kidatu TAZARA inakutana na tawi la reli ya kati linalokwenda Kilosa, na Kilosa kuna stesheni ya SGR. Tawi hilo likifufuliwa na pakiwekwa vifaa vya kuhamisha kontena, chakula cha Njombe na mchele wa Ifakara vinaweza kufika Dodoma kwa reli bila kupita Dar es Salaam kabisa, na baadaye Tabora, Shinyanga na Mwanza. Leo mji mmoja wa pwani ndio mlango wa kila kitu, na mizigo mingi inashuka Dar kisha inapanda tena bara. Kila safari ya namna hiyo ni dizeli iliyounguzwa mara mbili kwa mlo mmoja.

Mheshimiwa wa Mazingira, hesabu niliyoifanya hapo juu ni ya kalamu na karatasi. Nchi ina Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kipeni kazi ya kupima hewa ukaa ya usafirishaji wa mazao makuu, mkoa kwa mkoa: tani iliyotoka, tani iliyofika, lita zilizotumika, thamani iliyobaki mkoani. TANROADS wanapima kila lori kwenye mizani, wanajua lilikopita na uzito wake. TRC na TAZARA wanajua mabehewa yao. Halmashauri zina stakabadhi za ushuru. Taarifa zipo, zimekaa kwenye ofisi mbalimbali. Zikikusanywa na kutangazwa kila mwaka, mkuu wa mkoa ataweza kuulizwa kwa nini tani ya viazi ya mkoa wake inatoa moshi mara tatu ya tani ya mkoa jirani, na ataweza naye kuja kwenu kudai reli.

Wapo watakaosema barua hii inawapiga madereva na wenye malori. Wengi wao ni ndugu na wateja wangu. Shamba halina stesheni, na soko la Mabibo halina reli. Kazi ya kutoa mazao Ludewa, Makete na Wanging'ombe kuyaleta Makambako, na kutoka stesheni ya Dar hadi sokoni, ni ya lori na itabaki ya lori. Fuso linalofanya safari fupi tatu kwa siku likiwa limejaa lina faida kuliko linalolala Kitonga. Wakopeshwe magari mapya wanaotaka kuhamia kazi hiyo, na wahusishwe kwenye kupanga bei ya treni kuanzia mwanzo, wasije wakaisikia redioni.

Mkataba umesainiwa, lakini ratiba za treni, viwango vya nauli ya mizigo na orodha ya stesheni zitakazofufuliwa bado zinaweza kuandikwa upya. Naomba kabla hazijapitishwa mje Makambako, mkae siku ya gulio na wakulima, madalali, madereva na watu wa stesheni, mlete michoro mtuonyeshe treni itasimama wapi na itapokea mzigo wa kilo ngapi. Tutakuja na namba zetu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mfanyabiashara wa mazao,
Makambako, Njombe.